Mstari wa Kijani

Mezani nimezitandaza sensa sita
kama mtu anayeanika dagaa,
kila moja na harufu ya mwaka wake.
Natafuta kasi: asilimia ngapi kwa mwaka,
mkoa kwa mkoa, tangu sitini na saba.

Dar es Salaam nimeipa penseli nyekundu;
inapanda kama deni la dukani.
Geita sikuwa na pa kuianzia,
vitabu vya zamani haviujui mkoa huo.
Nimewachomoa watu wake Mwanza, Kagera, Shinyanga,
kata kwa kata, hadi nikapata nukta ya kwanza.
Tanga nimeipa kijani, rangi ya mkonge.
Inapanda, ndiyo, lakini polepole,
kama anayejua duka halijafungwa.

"Mkoa unalegea," kaandika bwana Singano pembeni.
"Eleza kwa sentensi moja. Mwisho saa kumi."

Sentensi moja.

Babu Ntahondi aliteremshwa Kigombe
na kipande mfukoni, na tarakimu badala ya ukoo.
Manamba, waliwaita.
Siku ile Kigoma ilipungua mtu,
Tanga ikaongezeka mtu,
na jumla ya nchi haikutikisika;
kilichobadilika ni nyayo zake,
zilizojifunza miiba mipya.
Akaoa Mdigo wa Mwambani. Wakazaa saba.
Wakubwa wakaisifu Tanga: tazameni inavyokua!
Hakuna aliyeuliza
Kigoma jioni ile walipika sufuria ya ukubwa gani.

Halafu kamba za nailoni zikaja,
na korona zikanyamaza
(korona za kukamua mkonge, si ile ya barakoa),
na mstari wangu hapa, tazama,
unainama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina
na hakuitika.

Sisi tulizaliwa Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
penye mitaa ambayo yenyewe ni hesabu.
Tulikuwa sita. Chaurembo yuko Mbagala na wanawe wanne.
Mbwana aliifuata ofisi yake ilipohamia Dodoma.
Mwanaidi anakaanga maandazi karibu na mgodi, Geita,
na pacha wake yuko hukohuko, hapokei simu.
Salimu yuko Mwanza, au alikuwa.
Mimi nimeolewa Usagara, mwendo wa baiskeli.

Sensa ya mwisho walinipangia mtaa wetu wenyewe.
Nikabisha hodi kwa mama kama mgeni,
kishikwambi mkononi, kizibao kifuani.
"Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?"
Akaanza: Chaurembo, Mbwana, Mwanaidi...
"Mama. Waliolala hapa."
"Kwani vitanda vyao ni vipi? Si hivi?"
Akafunua shuka moja moja, zimenyooshwa,
zina alama za mikunjo ya kabati.

Nikabonyeza: mtu mmoja. Mke. Miaka sabini na miwili.

Akanitazama kidole.
"Nimeiongezea nchi watu sita,
wewe unanirudishia mmoja.
Shule yenu ilifundisha kutoa tu?"

Saa tisa na nusu.
Nimechukua penseli ya kijani
nikaipitisha juu ya mstari mwekundu,
kipande kidogo tu, pale Mbagala ilipo.
Kisha Geita. Kisha Dodoma kidogo.
Na chini ya kijani chenyewe, miaka ya mwanzo,
nikaingiza rangi ya udongo wa Kigoma, nikiikisia,
maana sijawahi kufika.
Karatasi sasa imechafuka, haifai kupelekwa Wizarani.

Kwenye nakala safi nimeandika:
"Mkoa haujalegea;
usiku ule watu wake walilala kwingine."

Bwana Singano ataizungushia duara,
ataandika *chanzo?* kwa wino wake ule.
Nitampa namba ya mama.
Anapokea baada ya alasiri.